Makombo na Malimbuko

Katika nyumba zetu mgeni haandaliwi makombo. Akifika jioni hali chakula kimekwisha kuliwa, mama wa nyumba huona haya kumletea ukoko na mchuzi uliosalia chini ya sufuria. Hufukuta moto tena, hata kama kuni ni chache, akapika upya. Ukimwuliza sababu ya kujitaabisha namna hiyo hatakupa jibu refu. Atakuambia tu kwamba huyu ni mgeni. Sote tunamwelewa, kwa maana chakula hakiendi tumboni peke yake. Chakula ni ulimi wa pili wa kumwambia mtu daraja yake kwetu. Apewaye malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya shamba, ajua kuwa amepewa heshima. Apewaye makombo ajua kuwa amekumbukwa baada ya wengine kushiba.

Sasa, msomaji wangu, nakuomba uichukue desturi hii njema uipeleke mahali ambapo hatupendi kuipeleka. Sisi tunaojiita Wakristo twamwandalia Mungu nini? Siku ina saa 24. Twaamka kwa haraka, twakimbilia kazi, masomo, michezo, mazungumzo na simu. Usiku, macho yakianza kufumba yenyewe, twamnong'onezea Mungu maneno mawili matatu ambayo hata sisi wenyewe hatuyasikii, tukapitiwa na usingizi kabla ya kuyamaliza. Kikapu cha sadaka kikipita kanisani, vidole hupapasa mfukoni vikaruka noti na kutua juu ya sarafu. Tukiwa na afya twajiambia kuwa kumcha Mungu ni kazi ya wazee. Tutaifanya magoti yatakapokuwa hayakunjiki na macho hayaoni maandishi. Haya yote hayana jina lingine ila makombo. Na ajabu ni kwamba twayatoa bila haya, sisi ambao tungeona aibu kumpa mgeni wa usiku mmoja wali wa jana.

Ugonjwa huu si wa zama zetu tu. Nabii Malaki, ambaye kitabu chake ndicho cha mwisho katika Agano la Kale, aliwakemea makuhani wa wakati wake kwa kukubali wanyama vipofu, vilema na wagonjwa madhabahuni. Aliwaambia wajaribu kumpelekea liwali wao mnyama wa namna hiyo, waone kama atawapokea kwa uso mkunjufu. Hoja yake haikuhitaji elimu kubwa kuifahamu. Mnyama kilema hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mwenye zizi, ambaye alimtazama mnyama asiyeweza kuuzika sokoni akasema moyoni mwake, "Huyu atamfaa Mungu."

Amri iliyo kinyume cha tabia hiyo imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6: watu wa Israeli waliagizwa wampende Mungu kwa moyo wote, kwa roho yote na kwa nguvu zote. Mwandishi mmoja wa sheria alipomwuliza Yesu ni amri ipi iliyo kuu kuliko zote, Yesu alimrudisha kwenye maneno hayo hayo, kisha akaambatanisha nayo amri ya kumpenda jirani. Habari hiyo imo katika Injili ya Marko, sura ya 12. Nakusihi usome sura hiyo mpaka mwisho wake, kwa kuwa mwishoni utamkuta mjane maskini akitia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina ya hekalu, baada ya matajiri kutia fedha nyingi. Yesu alisema kuwa mjane yule alitoa kuliko wote. Matajiri walitoa katika ziada yao. Mjane alitoa riziki yake. Basi tangu sura hiyo tumefundishwa kwamba Mungu hapimi sadaka kwa ukubwa wa kile kilichoingia sandukuni, bali kwa moyo wa yule aliyeitoa na kwa kile kilichosalia mkononi mwake.

Hapa kijana mwenye akili atakuwa na swali. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, nasi tukiwa chini ya mwembe baada ya masomo: "Mwalimu, nikimpa Mungu moyo wote, mama yangu atapewa nini? Masomo yangu yatapewa nini?" Swali hili ni la haki, wala halipaswi kuzimwa kwa kuambiwa kwamba anayeuliza hana imani. Tumewaona watu waliosema wamempa Mungu vyote, kumbe wamewanyima watu haki zao. Yuko baba anayekesha katika maombi usiku kucha na watoto wake wamelala na njaa, si kwa kuwa hana kazi, bali kwa kuwa haendi kazini. Yuko mwanafunzi anayeongoza nyimbo kwa sauti tamu na daftari lake la hesabu halijafunguliwa tangu muhula uanze. Je, huo ndio moyo wote?

Jibu liko katika Injili ile ile. Katika sura ya 7 ya Marko, Yesu aliwakaripia watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hila hiyo wakajivua wajibu wa kuwatunza wazazi. Yesu hakuihesabu hila ile kuwa ibada. Aliiita kutangua neno la Mungu. Basi tunajifunza kwamba moyo wa mwanadamu haugawiwi kama muwa, kwamba Mungu akichukua pingili tano mama atabakiwa na mbili. Moyo unafanana zaidi na chombo baharini. Chombo chaweza kubeba abiria wengi, magunia, mitungi na mbuzi, na kila kitu kikapata mahali pake. Lakini usukani ni mmoja, na anayeushika ni mmoja. Nahodha wawili wakigombea usukani, abiria wote huzama, hata wale waliowapenda nahodha wote wawili. Kumpa Mungu moyo wote si kuwatupa baharini mama, masomo na rafiki. Ni kumkabidhi yeye usukani, ili hao wengine wote wafike salama.

Maneno ni mepesi kuyatamka, na mimi kama mwalimu nimezoea kuyatamka. Kwa hiyo nitakuletea habari mbili za vitendo. Ya kwanza ni ya zamani, nayo imeandikwa katika tarehe ya nchi yetu. Ya pili ni ndogo, haijapata kuandikwa popote.

Kaskazini-magharibi ya Mombasa, juu ya vilima vilivyojaa minazi, kuna mji wa Rabai. Mwaka 1844 alifika Mombasa mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amemzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Kaburi la Rosina liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwaka huo huo wakahamia Rabai. Vitabu vya shule huwakumbuka watu hawa kwa milima: Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849, nao watu wengine wa Ulaya wakawacheka walipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Wenyeji wa milima ile, bila shaka, waliijua tangu zama za babu zao. Lakini mimi sitaki kukuonyesha milima. Nataka umtazame Rebmann baada ya safari kwisha.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya mbaya. Rebmann alibaki. Tangu alipofika mpaka alipoondoka mwaka 1875 ilikuwa miaka ipatayo 29, na katika muda wote huo hakurudi kwao hata mara moja. Walioamini kwa mahubiri yake walikuwa wachache kiasi cha kuweza kuketi chini ya mti mmoja. Mkristo wa kwanza wa Rabai alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, ambaye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Kama misheni ile ingalikuwa biashara, wenye mtaji wangaliifunga mapema. Rebmann alizaliwa mtoto akafa baada ya siku chache. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Kisha macho yake yakaanza kumwacha, naye hakuacha kazi ya kukusanya maneno ya lugha za watu aliokaa nao. Kwa msaada wa mtu mmoja aliyekuwa mtumwa kutoka nchi za ziwa Nyasa, alitunga kamusi ya lugha ya Kinyasa, nayo ilichapishwa mwaka 1877, naye alikuwa amekwisha kufa. Alipoondoka Rabai alikuwa kipofu, akiongozwa na kijana wa hapo, Isaac Nyondo. Alifariki kwao Ujerumani mwaka 1876.

Sikutaji habari hizi ili umwone Rebmann kuwa malaika. Alikuwa mtu wa zama zake, na wamishonari wa zama zile hawakuzielewa sikuzote mila za watu waliowaendea. Lakini jambo moja hawezi kunyimwa. Hakumpa Mungu miaka iliyobaki baada ya kufanikiwa katika mambo mengine. Alimpa miaka ambayo kila mtu huihesabu kuwa ya kujenga nyumba na jina. Tena alimpa bila kulipwa kwa matunda ambayo macho yake yangeyaona. Mtu anayemtumikia Mungu kwa sababu mambo yanamwendea vema huenda anayapenda yale mambo. Anayeendelea kumtumikia wakati hakuna linalomwendea vema, huyo ametujulisha anampenda nani.

Habari ya pili ni ya mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, akatuachia shamba dogo la minazi. Minazi kumi na miwili kati ya hiyo ilikuwa ikigemwa. Mgema alipanda asubuhi na jioni, akachukua fungu lake la tembo, na fungu letu mama aliliuza nyumbani. Nyuma ya jiko letu palikuwa na mangwe, wanaume wakiketi juu ya magogo kunywa na kuzungumza. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua unga, na ndiyo iliyonilipia karo nilipoingia shule ya sekondari. Mama alikuwa mwimbaji kanisani. Jumapili asubuhi aliimba, na Jumapili alasiri aliuza. Hakuna mtu aliyemlaumu. Majirani wengi walifanya hivyo hivyo, na tembo la mnazi ni kitu cha heshima katika arusi na matanga yetu. Wala mimi siandiki haya ili kuwahukumu wagema. Naandika kwa kuwa mama aliona jambo ambalo lilimhusu yeye.

Jioni moja, mwanzoni mwa mwaka 2004, mtoto wa jirani, msichana wa miaka kama saba hivi, alikuja mpaka mangwe kumwita baba yake. Alisema mama yake anataka fedha ya unga. Baba yake alicheka, akamwambia angoje. Mtoto akaketi chini karibu na mlango wa jiko letu, akangoja mpaka giza likaingia na fedha ikaisha. Mama alimpa bakuli la unga akamsindikiza kwao. Aliporudi hakula. Asubuhi alimwita mgema, akamlipa haki yake, akamwambia asipande tena.

Baba yangu mdogo alipopata habari alikuja kwa hasira. "Shemeji," alisema, "dini haikukutuma umnyime elimu mtoto wa ndugu yangu. Ukiacha kuuza wewe, watauza wengine, na yule mlevi atakunywa huko." Alisema kweli: kabla ya mwezi kwisha yule jirani alikuwa mteja wa mangwe nyingine. Mama alimwandalia shemeji yake kiti na maji, akamjibu kwa sauti ya upole: "Elimu yake naitaka kama wewe unavyoitaka. Lakini siwezi kumwomba Mungu chakula cha watoto wangu, na hali nauza chakula cha watoto wa mwenzangu."

Wewe ambaye hujakaa na minazi huenda usijue hasara ilikuwa kubwa kiasi gani. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, kwa sababu karara ambayo ingefunguka ikatoa maua na nazi ndiyo hiyo inayokatwa ili itoe tembo. Ukiacha kugema leo, hupati nazi kesho. Tangu ua mpaka nazi kukomaa ni muda wa mwaka mzima hivi. Kwa hiyo mama aliacha fedha iliyokuwa ikiingia kila siku akabaki na minazi isiyotoa kitu. Katika muhula wa pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nami sikurudi shuleni mwaka ule. Kila siku mimi na mama tuliketi chini kusuka makuti ya kuezekea nyumba, tukayapeleka barabarani kuyauza. Wenzangu walipita asubuhi na sare zao, wakapita tena jioni. Vidole vyangu vilifanya sugu. Palikuwa na siku tuliokula muhogo mchana na usiku.

Hakukutokea muujiza. Hakuna tajiri aliyesimamisha gari, wala barua iliyoleta msaada. Nazi zilikomaa kwa wakati wake, kama Mungu alivyoziumba, na Januari ya mwaka 2005 nikarudi kidato cha pili, nikakaa dawati moja na watoto walionifuata. Nilimaliza shule mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, kisha nikaenda chuo cha ualimu. Mama hakuwa tajiri, na hata leo si tajiri. Lakini katika mwaka ule wa makuti niliona jambo ambalo sikupata kulisoma kwa mwalimu yeyote. Sala za mama zilibadilika. Zilikuwa fupi kuliko zamani, na alizisali alfajiri, kabla ya kuwasha moto, kwa utulivu wa mtu anayezungumza na aliye karibu. Hapakuwa na kitu chochote kati yake na Mungu ambacho alihitaji kukizunguka.

Nami nadhani hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Twadhani moyo wote ni hisia kubwa: machozi, kelele, kutetemeka. Huenda ikawa hivyo kwa wengine. Lakini mara nyingi moyo wote hujulikana kwa jambo moja tu tunaloshikilia, ambalo twamwambia Mungu, "Chukua vyote, lakini hili niachie." Kijana tajiri wa Injili alikuwa ameshika amri tangu utoto wake, akakwama penye mali yake, akaondoka na huzuni. Kwa mama yangu lilikuwa tembo. Kwako wewe sijui ni lipi, wala si kazi yangu kulijua. Wewe walijua.

Labda ni karatasi ya mtihani wa taifa ambayo mtu fulani anasema ameipata kabla ya siku yake, naye anataka fedha kidogo tu. Utaambiwa kwamba wote wananunua, na kwamba ukikataa utawaaibisha wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili yako. Labda ni rafiki ambaye mbele yake huthubutu kusema kuwa wasali. Labda ni simu, ambayo ndiyo ya kwanza kuamkiwa na ya mwisho kuagwa, ikapata malimbuko ya kila siku yako. Labda ni uchungu uliouweka juu ya mtu aliyekukosea, ukaufuga kama kuku wa mayai. Mambo haya si makubwa machoni pa watu. Lakini usukani wa jahazi nao si mkubwa ukilinganishwa na tanga.

Kama wataka kuanza, usianze kwa nadhiri ndefu. Nadhiri ndefu za ujana hukauka kabla ya wino wake. Anza kwa kumpa Mungu fungu la kwanza la kitu kilicho kidogo. Mpe dakika kumi za mwanzo wa asubuhi, kabla hujazungumza na mtu yeyote. Ukipewa fedha, tenga sadaka kabla ya kutumia, si baada. Ukifungua kitabu cha masomo, kifungue kama mtu anayemtumikia Mungu kwa akili yake, kwa kuwa akili nayo imetajwa na Yesu katika amri ile kuu. Uvivu wa darasani hausafishwi na wimbo wa jioni. Ukirudi nyumbani likizoni, mchotee mama yako maji bila kuagizwa, na usijisifu mbele ya mtu kwamba umefanya. Ndipo utakapojua kwamba Mungu akipata fungu la kwanza, mafungu mengine hayapungui; hupata mpango.

Utashindwa siku nyingine. Utaamka umechelewa, utasahau, utaona uvivu. Usitupe jembe kwa sababu umeruka tuta moja, rudi ulilime. Wala usiwatazame wenzako ukihesabu sarafu zao. Mjane wa hekaluni hakugeuka kuona matajiri wametia ngapi.

Na wewe msomaji wa dini nyingine, ambaye umenivumilia mpaka hapa, naamini hukuona jambo geni sana. Wewe nawe wajua tofauti ya kumwabudu Mungu na kumpunguzia Mungu.

Ujana, msomaji wangu, ni karara ambayo bado haijafunguka. Unayeishika ni wewe. Waweza kuikata leo upate cha kulewesha kabla ya jua kuchwa, au waweza kuingoja ikazaa. Lakini ukichagua kuingoja, mazao yake ya kwanza usimpe mwingine. Aliyeupanda mnazi hastahili makombo.